Aje na Tairi Moja

Jumanne, 2 Julai 1985

Na hata kama ni wazimu, basi ni wazimu. Nimeshakata shauri. Nimelifikiria tangu asubuhi nikiwa chumba cha giza nasafisha filamu, nimelifikiria tena mchana nikila ugali wangu wa peke yangu, na jibu ni lile lile. Nitajifunza kuendesha pikipiki kwa tairi moja. Au nitakufa.

Niandike ilivyokuwa. Bi Hadija, jirani wa wakwe zangu kule Ruangwa, upande wa mto Mbwemkuru, amekuja leo hospitali kupigwa picha ya kifua. Alipomaliza kuvaa akasema ana ujumbe wangu. Nikadhani ni wa mke wangu, Somoe. Kumbe ni wa mjomba wake. Mjomba Mnali anasema kazi ya kuvuna ufuta inakaribia kwisha, nijiandae kwenda kumchukua mke wangu. Ila niende na tairi moja. Bila tairi moja nisiende.

Nikamuuliza, "Moja tu?"

"Moja tu, Dakta. Mbili za nini?" Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi si daktari. Ni mpiga picha za eksirei. Lakini hapa Nachingwea kila mwenye koti jeupe ni Dakta.

Najua vizuri mjomba anataka nini. Siku ya harusi yetu, rafiki yangu Koplo Nandonde alitusindikiza kwa pikipiki ya kazini kwake. Alipofika mbele ya nyumba ya mjomba akaisimamisha. Gurudumu la mbele juu, la nyuma chini, akapita hivyo mpaka kwenye mkorosho wa mwisho. Vigelegele! Somoe wangu akapiga makofi ndani ya shela. Na mjomba, mzee mkavu ambaye hakuwa ametabasamu tangu asubuhi, akainuka kwenye kigoda, akalitazama lile gurudumu lililo juu kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Kisha akageuka akanitazama mimi. Kwa muda mrefu.

Kumbe alikuwa ananipima.

Kwetu Usambara baba ndiye mwenye binti. Kwa Wamwera ni mjomba. Akisema hapana, hakuna wa kumkatia rufaa.

Na pikipiki ninayo, ndilo balaa. Nyekundu, ya mbio, usukani wake wa chini hata unaendesha kama umelala kifudifudi. Niliachiwa na fundi mgeni wa visima mkataba wake ulipokwisha. Naiendesha polepole kama punda wa chumvi. Watu hunicheka.

Naogopa. Nimeandika.

Jumatano, 3 Julai

Nimepita mbele ya nyumba ya Koplo nimwombe anifundishe. Sikubisha hodi. Nimegeuza.

Kutwa nimemfikiria Somoe. Nampenda mpaka naona haya kuandika, na hakuna anayesoma. Tulipata siku mbili tu za fungate. Kisha ufuta wa mama yake ukawa tayari, ukichelewa kukatwa unapasuka na kumwagika, na mama hana mtu mwingine. Nikamwachia. Nilifikiri mimi ni mkwe mwema. Mkwe mwema sasa analala na mto.

Kila nikifumba macho naiona siku ya kwanza. Alikuja na kikohozi. Nikamsimamisha mbele ya mashine, nikamwambia kama ninavyowaambia wote: vuta pumzi, zuia, usitikisike. Akazuia. Nami nikasahau kumwambia apumue. Akavumilia. Akavumilia. Mwisho akasema kwa sauti ya kubanwa, "Dakta, nife?"

Picha ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Kifua hakina kitu. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Kesho lazima nibishe hodi.

Alhamisi, 4 Julai

Nimebisha.

Koplo ni dereva wa lori la kubebea korosho. Zamani, jeshini, alikuwa akipeleka barua kwa pikipiki, na kwa maneno yake hakuna kamanda aliyewahi kungoja. Hana meno mawili ya mbele. Alikoyaachia hataki kusema. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha nyumbani.

Kwanza alicheka. "Wewe? Wewe unayepanda pikipiki kama bibi anayepanda kitanda?"

Nilipomweleza ujumbe wa mjomba, akavuta kigoda akanikalisha. Hakucheka tena. Koplo ni Mmakonde, mambo haya anayajua. Yeye mjomba wa mkewe alimtaka alime shamba la mihogo toka barabarani mpaka mtoni, na jembe alete mwenyewe. "Mjomba akisema, amesema," akaniambia. "Wewe umepewa rahisi. Tairi moja, dakika moja, unachukua mke unaondoka."

Nilitamani aniambie haiwezekani. Nilitamani mno.

Jumamosi, 6 Julai

Somo la kwanza. Uwanja wa ndege, jioni, baada ya kazi. Hakuna ndege. Mbuzi wengi.

Gia ya kwanza. Bana klachi. Vuta mafuta mpaka mashine ilie. Achia klachi ghafla, wakati huo huo tupa mwili nyuma. Ndiyo yote. Koplo anasema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kumenya ndizi.

Halafu akaongeza. "Ikija juu zaidi ya unavyotaka, kanyaga breki ya nyuma. Itashuka. Usipokanyaga itakulalia. Breki ya nyuma ndiyo mama yako, Dakta."

Nimejaribu mpaka mkono ukafa ganzi. Pikipiki imeruka mbele kama chura, imezima. Imeruka, imezima. Gurudumu la mbele halijaondoka chini hata mara moja, kwa sababu kila inapotaka kuinuka mimi nafunga mafuta. Sifungi kwa kutaka. Mkono unafunga wenyewe.

Watu wa Marambo waliokuwa wakirudi makwao walisimamisha baiskeli kutazama. Mmoja akauliza kama mashine ina kwikwi.

"Pikipiki inanusa woga," Koplo akaniambia. "Kama mbwa."

Basi pikipiki yangu ina mafua. Maana woga wangu unanuka mpaka Mnero.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, hotuba, vijana wa gwaride. Hakuna somo, Koplo amelewa.

Uwanja mzima umejaa watu na mimi natazama mitulinga yao. Mifupa ile miwili chini ya shingo. Myembamba! Mungu amewaamini sana wanadamu.

Jumanne, 9 Julai

Limeinuka.

Kidogo. Kiasi cha ngumi. Halafu likatua na meno yangu yakagongana. Koplo akarusha kofia. Mimi nilishuka nikakaa kwenye majani.

Sikufurahi. Niseme kweli. Kabla ya leo nilikuwa naogopa nisiweze. Leo nimeanza kuogopa kuweza.

Alhamisi, 11 Julai

Wameniletea mtu wa Mnero, kijana wa makamo yangu, ameanguka na baiskeli kwenye mteremko. Baiskeli tu. Hata mashine hakuna. Mtulinga umekatika mara mbili. Nimeiangalia filamu ikining'inia kwenye chumba cha giza inakauka, maji yanadondoka, nikaona jina langu pembeni badala ya lake.

Mkewe alikuwa nje, ameshika viatu vyake.

Jioni sikujaribu vizuri. Koplo amekasirika. Anasema petroli ya kibali haitafutwi ili mtu aje aichome akiwaza.

Ijumaa, 12 Julai

Msikitini. Imamu anazungumzia subira. Mimi nikamwomba Mungu gurudumu. Kisha nikaona aibu, nikaomba samahani, kisha nikaomba tena.

Nina hofu moja kubwa kuliko zote, na leo nimeipatia maneno. Si kuvunjika. Mifupa naijua, huunga. Naogopa nisije nikamkalisha Somoe eda kabla fungate haijaisha. Avue kanga za harusi, avae nyeupe. Hajanipikia hata chungu kimoja katika nyumba hii. Nimenunua mafiga, yako pembeni, safi, hayajaona moto.

Jumapili, 14 Julai

Nimeanguka.

Nimeangukia mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, nashukuru. Niliachia klachi vizuri, nikatupa mwili vizuri, gurudumu likaja juu, juu, likawa mbele ya uso wangu, likaziba jua. Nikasikia Koplo anapiga kelele "Mama yako! Mama yako!" Nikafikiri ananitukana. Nikasahau kabisa kwamba ndiyo breki. Nikaachia kila kitu.

Pikipiki ikaenda peke yake hatua chache ikiwa imesimama wima kama mtu, mimi nikiwa nimekaa chini nyuma yake. Halafu ikalala ubavu. Kioo kimoja kimekwenda.

Koplo alinifikia mbio, bila kofia. Sikujua kwamba anaweza kuogopa. Akaninyanyua, akanipangusa vumbi, akaniuliza mara tatu jina langu. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Meno yake hakuyaachia vitani. Aliyaachia kwenye tangi la pikipiki, alipokuwa akijionyesha kwa msichana, na msichana akaolewa na mtu mwingine.

Nimeupapasa mkono mwenyewe, mfupa kwa mfupa, kama ninavyojua. Haujavunjika. Umevimba. Ningependa Somoe aufunge.

Jumatatu, 15 Julai

Sikwenda. Niliogopa.

Jumanne, 16 Julai

Bi Hadija amerudi kuchukua majibu. Mapafu yake mazima, namshukuru Mungu. Somoe anasalimu. Somoe anauliza nitakwenda lini. Somoe amekonda! Nilimfanya Bi Hadija arudie maneno yote, hata pale Somoe aliponyamaza alinyamaza vipi.

Halafu ya mjomba. Anauliza kama lile tairi moja liko tayari, maana ufuta umeshakatwa, unakauka, na mzee anahangaika kweli, baiskeli yake imelala nyumbani. Sikufuatilia habari za baiskeli. Nilisikia tu neno tairi.

Nikamwambia, "Mwambie nalifanyia kazi. Lakini juzi limeniangusha. Bado halinitii."

Bi Hadija akanitazama. Akautazama mkono wangu uliofungwa. "Tairi limekuangusha," akasema polepole.

"Ndiyo. Lilikuja juu sana."

"Pole, mwanangu." Ameondoka akigeuka geuka. Nadhani hata yeye ameona ninayopitia.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeweza! Ee Mola, nimeweza!

Koplo amekuja kunitoa nyumbani, hakunigombeza. Tumekwenda pamoja uwanjani. Alisema jaribu moja tu, ukitaka kuacha, tuache, nitakwenda mwenyewe kwa mjomba kukuombea. Kumbe lile ndilo lililonipa nguvu. Nikaona picha ya Koplo, hana meno mawili, amepiga magoti mbele ya mzee Mnali kwa ajili ya mke wangu. Hapana.

Nikajiambia kama ninavyowaambia wagonjwa. Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike. Nikaachia klachi.

Lilikuja juu likasimama pale. Halikuja usoni. Lilikaa mahali pake kama kitu kilichotundikwa, na mimi chini yake, na ardhi inapita upande huu na upande huu, na mbuzi wanakimbia. Nikakanyaga mama yangu taratibu. Likashuka. Nikasimama. Koplo akasema kwa mbali, "Haya, pumua!"

Nilikuwa nimesahau.

Nimefanya tena. Na tena. Moja nilikosea, mbili nilipata. Nimerudi nyumbani naimba. Nimeimba jina lake njia nzima, watu wakatoka milangoni.

Sasa nimekaa, wimbo umekwisha. Mbuzi si watu. Uwanja wa ndege si njia ya kwa wakwe, yenye mchanga na mizizi. Mara moja katika tatu nakosea. Kesho kutwa nakwenda.

Ijumaa, 19 Julai

Nimesafisha nyumba. Nimepaka mnyororo mafuta. Nimepiga pasi shati la harusi.

Nimemwachia Koplo ufunguo wa nyumba. Akauliza wa nini, nikasema wa kumwagilia mchicha. Sina mchicha. Akaupokea.

Jumapili, 21 Julai

Nianzie wapi.

Jana nimeondoka Nachingwea alfajiri. Baridi ya Julai, vumbi jekundu, miguu yote miwili nikiitumia kama breki kwenye mchanga. Njia nzima sikufikiria kitu ila kipande kile kimoja, kutoka kwenye mti wa kwanza mpaka kwenye mkorosho wa mwisho. Ruangwa nimesimama kunywa chai. Nikaiacha mezani.

Karibu na kijiji nilizima mashine nikashuka. Nikatapika kidogo, kando ya njia, kwa adabu. Nikanawa kwa maji ya chupa. Nikavaa shati la harusi.

Nikawaona kabla hawajaniona. Walikuwa wanakung'uta ufuta, wanawake na wanaume, mbele ya nyumba ya mjomba. Maturubai yametandikwa, matita ya mabua ya ufuta yamesimamishwa kando, punje zinamwagika kama mvua ndogo. Na Somoe. Amejifunga kanga kiunoni, nywele zina vumbi la ufuta, anageuza tita kama anavyogeuza mtu mtoto mchanga. Mke wangu. Niliona haya kwa uzuri wake, mimi niliyekuja kufanya sarakasi.

Wakasikia mashine. Wote wakainua vichwa. Mama mkwe akajitanda kanga usoni kama inavyompasa mbele ya mkwe, akaingia ndani haraka. Mjomba akainuka kwenye kigoda. Vile vile kama siku ile! Nikasema basi, anangoja.

Vuta pumzi. Zuia.

Nikaachia klachi.

Niliona anga. Niliona vilele vya mikorosho vinapita. Nikasikia mtu anapiga yowe na nikaijua sauti. Usukani ukataka kwenda kulia, kwenye ufuta, ufuta wa msimu mzima wa mama mkwe, nikaurudisha kwa mkono ulio mbovu, maumivu yakaja mpaka kwenye jicho. Nikampita mjomba. Nikakanyaga breki ya nyuma. Likashuka. Mkorosho wa mwisho ulikuwa mbele yangu kama mlango.

Mzima. Nilikuwa mzima. Nikazima mashine, nikangoja vigelegele.

Hakuna. Ungo mmoja ulianguka.

Mjomba akaja, anatembea polepole. Akaizunguka pikipiki. Akatazama nyuma kwenye kiti. Akainama, akatazama chini yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Liko wapi?"

"Lipi, mjomba?"

"Tairi."

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, hili hapa, mjomba, nimelisimamisha, umeona mwenyewe. Akalitazama. Akanitazama. Wakati huo Somoe alikuwa ameshafika, analia, amenishika shati la harusi kwa mikono yote miwili, anauliza nani, nani amekutuma uje ufe mlangoni kwetu. Nikasema mjomba. Somoe akamgeukia mjomba wake kwa macho ambayo sijawahi kuyaona.

Mzee akatikisa kichwa. Akanishika mkono ule mzima, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Baiskeli yake. Imeegemezwa ukutani. Gurudumu la nyuma lina tairi. La mbele ni chuma kitupu, kimezungushwa kamba ya katani, kamba imelika. Mwaka mzima hakuna tairi madukani. Gunia la ufuta analisukuma kwa mkono mpaka kituoni kwa wanunuzi, njia nzima, mzee yule.

Nikakaa chini.

Akaniambia kwa Kiswahili chake kifupi. "Siku ya harusi nilimwona yule koplo wenu. Anakwenda kwa la nyuma. Nikasema maskini, na huyu la mbele limekufa, kama langu." Akautazama ule ukingo wa chuma. "Nikakutazama wewe. Nikasema mkwe anakaa mjini. Atapata moja."

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani mama mkwe, ndani, nyuma ya mlango, ambaye hakutakiwa hata kusikika. Kisha wote. Wanawake wakakaa juu ya ufuta. Mtu mmoja akaanza kuigiza nilivyokuja, shingo imenyooka kama kuku anayemeza punje. Somoe alikuwa analia na kucheka pamoja, ananipiga kwa ncha ya kanga, si kwa nguvu.

Mimi sikucheka. Maana hofu ilinirudia, mpya, kubwa kuliko ya uwanja wa ndege. Bila tairi moja asije. Mjomba alilisema mbele ya watu. Na mimi nimekuja mikono mitupu. Nimefanya yote yale, na sina tairi.

Somoe naye alikumbuka. Nilimwona anakumbuka. Akaingia ndani akatoka na furushi lake la nguo kwenye kanga, akaja akakaa chini kando ya pikipiki, amepakata mzigo. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

Mjomba alirudi kwenye kigoda. Akachukua ugoro. Alichelewa sana na ule ugoro. Nikawa nimezuia pumzi tena.

"Nilisema aje na tairi moja," akasema. "Amekuja na tairi moja. Watu wote mmeona."

Akapiga chafya.

"Kosa si lake. Wala langu. Kosa la Kiswahili."

Nikapumua.

Tulilala kwa mama mkwe. Leo asubuhi tumeondoka, Somoe nyuma yangu, mikono yake tumboni kwangu, mzigo katikati. Polepole kama punda wa chumvi. Kwenye mteremko wa kwanza alinisemea sikioni: ukiliinua tena, nashuka narudi kwa mama. Sikuwahi kusikia neno tamu kama hilo.

Jumatatu, 22 Julai

Mafiga yameona moto. Uji wa ulezi. Umeungua kidogo chini, anasema chungu kipya. Nimekunywa vikombe viwili na ukoko.

Amenifunga mkono upya. Amesema nilikuwa nimeufunga kama gunia.

Koplo amekuja kurudisha ufunguo. Nikamsimulia. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alishika ukuta kwanza, kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akaenda zake. Baada ya muda akarudi ameshika tairi la mbele la baiskeli yake mwenyewe. Nikakataa. Akasema, "Chukua, Dakta. Mimi nimezoea kwenda na moja."

Nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Pikipiki iko uani, chini ya magunia. Somoe amelala mchana, ufuta umemchosha. Bado nywele zake zinanukia ufuta. Nimekaa kizingitini nausikiliza upumuaji wake. Unaingia, unatoka.

Mtu wa Ruangwa anaondoka na lori la alasiri. Nimempa salamu ampelekee mjomba. Kabla mwezi haujaisha tutakuja, mimi na Somoe, na tairi moja.

Nilimkimbilia nikaongeza: mkononi.